Kizimba cha paipu ndani ya gari la faibaglasi

Wadau, najua kimya kimekuwa kirefu. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kodi nikaingia biashara ya mitumba. La hasha. Nimekuwa nikichora paipu. Leo hakuna PHP wala hifadhidata, leo ni chuma, na asiyependa mambo ya karakana avumilie kidogo kwa sababu hesabu zipo mbele.

Binamu yangu anaishi Malindi, na mwaka jana alinunua bagi. Ni kile kigari cha wazi kisicho na milango wala paa, magurudumu ya nyuma manene, injini iko nje mgongoni. Asili yake ni California. Mwaka 1964 huko Newport Beach, Bruce Meyers, mtu aliyezoea kujenga mashua za faibaglasi, alichukua ufundi huo akautia kwenye gari lenye injini na vyuma vya Volkswagen Beetle, akaliita Meyers Manx. Mwaka 1967 Manx ikashinda mbio za Mexican 1000 kwenye jangwa la Baja, na baada ya hapo kila mwenye karakana na ndoo ya rezini alianza kutoa nakala yake. (Meyers alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94.) Hii ya binamu ni nakala ya nakala, haina hata jina. Lakini chini yake ni Beetle halisi, na Beetle haihitaji kutambulishwa Kenya: ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962.

Sasa, gari lilikuja na bomba moja la kuvutia nyuma ya viti, limepakwa kromu linang'aa kama kioo cha kinyozi. Aliyeliuza alisema ni la kuzuia watu wasiumie gari likipinduka. Binamu aliamini, na alikuwa tayari anambeba binti yake wa miaka tisa kwenye njia za mchanga upande wa Mambrui. Nilipokwenda kumsalimia nililishika lile bomba kwa mkono mmoja nikalivuta. Halikutikisika lenyewe. Kilichotikisika ni bodi yote. Faibaglasi ilivimba na kurudi, kama tumbo la mtu anayepumua. Nikainama chini kuangalia: bolti nne, washa nne ndogo, na kila moja imeshika faibaglasi tu. Hakuna hata moja iliyofika kwenye chuma.

Nikamwambia, "Binamu, hili ni pambo."

Akanijibu, "Injinia ameanza." Hilo ndilo jina langu kila nikimkosoa kitu, ingawa anajua digrii yangu ni ya kompyuta.

Faibaglasi ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini. Ni nyepesi, haishiki kutu, na unaweza kuipa umbo lolote. Tatizo ni jinsi inavyoshindwa. Chuma laini kikizidiwa hupinda kwanza, na katika kupinda kinakula nguvu ya pigo. Faibaglasi haipindi ikabaki imepinda. Hupasuka, na bolti yenye washa ndogo hung'oka pamoja na kipande chake. Gari likilala kichwa chini, lile bomba la kromu lingeingia ndani ya bodi kama kijiti kwenye tikiti. Kwa lugha yetu ya kazi, faibaglasi ni kiolesura tu. Huwezi kuweka mantiki ya benki kwenye rangi ya kitufe.

Nilimpa chaguo mbili. Ama tung'oe lile bomba, ajue kwamba hana kinga yoyote na aendeshe kama mtu asiye na kinga, ama tujenge kizimba cha kweli, kile ambacho watu wa rali hukiita rolikeji. Alichagua kizimba, ila akataka kiwe tayari kabla ya likizo ya Desemba na bodi isitobolewe. Hilo la pili nilimkatalia hapo hapo.

Swali la kwanza halikuwa paipu gani. Lilikuwa: mzigo unakwenda wapi? Pigo linaanzia juu ya paipu, karibu na kichwa cha mtu, na lazima lishuke hadi kwenye kitu kinachoweza kulibeba. Sakafu ya Beetle ni bati jembamba. Nguvu yake iko kwenye uti wa mgongo, ule mfereji mnene unaopita katikati ya viti, na kule nyuma kwenye mrija mkubwa wa kulalia unaobeba springi za kujisokota. Ukisimamisha nguzo juu ya bati tupu, nguzo itatoboa sakafu. Kwa hiyo tuliweka kwanza reli mbili za chuma cha mraba, 50 kwa 50 na unene wa milimita 3, moja kila upande wa sakafu, zikafungwa kwa bolti kupitia bati na mabamba chini yake, na nyuma zikashikana na ule mrija. Miguu ya kizimba ikakaa juu ya reli.

Kuna jambo moja la bagi ambalo wengi hulisahau. Ili bodi fupi ya aina hii ikae, sakafu ya Beetle hukatwa kipande cha karibu sentimita 37 katikati na kuchomelewa tena. Yaani kila bagi ya aina hii imewahi kuwa vipande viwili. Tuliondoa rangi kwenye ule mshono wa zamani kwa grainda. Upande wa kushoto ulikuwa mzuri. Upande wa kulia ulikuwa na kutu iliyojificha chini ya lami, na fundi aliuchimba akauchomelea upya kabla hatujafanya kitu kingine chochote. Hebu fikiria kizimba cha ajabu kimesimama juu ya hapo.

Umbo lenyewe nililipata kwa hesabu ya mwaka 1864 ya James Clerk Maxwell, yule yule wa sumakuumeme. Anasema, kwa ufupi, kwamba fremu ya viungo vinavyozunguka kama bawaba inahitaji paipu tatu kwa kila kiungo kilicho huru hewani ili isicheze. Kizimba changu kina viungo vinne juu: viwili kwenye tao kuu nyuma ya viti, viwili kwenye tao la mbele. Nne mara tatu ni kumi na mbili. Hesabu nami: miguu minne, na pande nne za mstatili wa juu. Hizo ni nane, na hapo ndipo vizimba vingi vya mtaani huishia. Vinaonekana kamili kwa macho, lakini ni sanduku la kiberiti lisilo na kiberiti ndani. Lisukume pembeni linalala. Nne zilizobaki ni mshazari mmoja ndani ya tao kuu, mshazari mmoja juu ya vichwa, na mishikizo miwili kutoka tao kuu kwenda nyuma. Kumi na mbili kamili. Viungo vya kuchomelea si bawaba, kwa hiyo kuna nguvu ya ziada, ila sikutaka kuitegemea.

Vipimo vya paipu nilivitoa kwenye kanuni za FIA, kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, kwa kuwa wameshapindua magari mengi kuliko mimi. Tao kuu: kipenyo milimita 45 na ukuta 2.5, au 50 kwa 2. Zilizobaki: 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Paipu isiwe na mshono, ivutwe baridi, na ihimili angalau niutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Mishikizo ya nyuma ilale angalau nyuzi 30 kutoka wima. Kila mguu upate bolti zisizopungua tatu za M8, daraja 8.8.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Fundi wa kwanza niliyeongea naye Malindi alipendekeza paipu za maji za GI kwa sababu "ni nzito, bwana". Zina mshono, na zinki yake ikichomelewa hutoa moshi wa kumlaza mtu na homa usiku kucha. Mwingine akataja paipu za boila zisizo na mshono, za inchi moja na nusu. Hizo nilizifikiria kwa makini. Chuma chake ni kizuri, lakini ukuta una karibu milimita 3.7, na kizimba chote kingekuwa na kilo 57 hivi badala ya karibu 30. Kilo zote hizo ziko juu, kwenye gari tulilolipima likawa na kilo 620. Unaweza kujenga kizimba kizito mpaka kikawa ndicho kinacholipindua gari.

Uzito na nguvu si kitu kimoja. Paipu ya 45 kwa 2.5 ina kilo 2.6 kwa mita. Chukua kilo hizo hizo uzifanye nondo, unapata nondo ya milimita 20 na kitu. Paipu ni ngumu kupinda mara nane na nusu kuliko nondo hiyo, kwa chuma kile kile. Ni kwa sababu chuma kimekaa mbali na katikati. Nilimwonyesha binamu hesabu hii kwenye leso ya karatasi hotelini akaniambia nile samaki kwanza.

Paipu nilizipata Nairobi, na mashine ya kukunja pia iko Nairobi, Industrial Area, kwa watu wanaotengenezea magari ya rali. Gari lenyewe liko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo. Kwa hiyo kila namba ilibidi iwe sahihi kabla ya kukunja. Tulijenga kwanza kizimba cha uongo ndani ya gari kwa paipu za plastiki za mafundi bomba na gundi. Binamu alikaa kwenye kiti amevaa helmeti. Tukalaza fimbo ya ufagio kutoka tao kuu hadi tao la mbele, na helmeti ikatakiwa kubaki angalau sentimita 5 chini ya fimbo. Haikubaki. Yeye ni mrefu kama mlingoti. Tukainua tao kuu na kushusha kiti mpaka ikakubali, na ndipo nikachukua vipimo.

Kukunja kuna ujanja wake. Tao kuu lina miguu ya milimita 1,050 na upana wa 1,150. Ukijumlisha tu unapata 3,250. Lakini paipu haigeuki kona kama herufi L, inazunguka. Kwa nusu kipenyo cha 150, kona ya nyuzi 90 inakula milimita 236 za paipu badala ya 300, yaani kila kona inakurudishia 64. Urefu wa kweli ni 3,121. Kanuni zinataka kona isiwe kali kuliko mara tatu ya kipenyo cha paipu, ikunjwe baridi, na ikibonyea basi upande mwembamba usipungue asilimia 90 ya upande mpana. Nilikwenda na kalipa yangu nikapima kila kona mbele ya vijana wa karakana. Walicheka, kisha wakaanza kubashiri namba kabla sijasoma. Paipu huuzwa kwa urefu wa mita 6, na kupanga vipande ili usipoteze ni lile tatizo la kufungasha mliloliona chuoni mkadhani ni la mtihani tu: paipu moja ya 45 na mbili za 40 zilitosha.

Matao yalishuka pwani juu ya lori la saruji.

Fundi tuliyemchagua Malindi ni mzee anayejenga bodi za lori. Kabla ya kumpa kazi nilimwomba achomelee vipande viwili vya mabaki kwa mashine ya CO2. Nilidhani ataona nimemdharau. Akachomelea, akavifunga kwenye jiriwa, akavipiga nyundo mwenyewe hadi paipu ikapinda na mshono ukabaki mzima, kisha akakata katikati kwa msumeno na kunionyesha jinsi chuma kilivyoyeyuka hadi ndani. "Mwanangu," akasema, "na wewe nionyeshe kazi yako."

Kazi yangu ilikuwa skripti. Paipu inayokutana na paipu nyingine lazima ikatwe mdomo wa samaki ili ikumbatie duara la mwenzake, maana pengo likiwa kubwa unajaza kwa chuma cha kuchomelea na hapo ndipo panapopasuka. Skripti inachora mstari wa kukatia kwenye karatasi ya A4. Unaikata, unaizungushia paipu, unafuata kwa chaki. Kwa pembe ya mraba, kina cha kukata ni R kutoa kipeo cha pili cha R mraba kutoa mraba wa r mara saini ya pembe, ambapo R ni nusu kipenyo cha paipu inayopokea na r ya ile inayokuja. Pembe nyingine zinahitaji mstari mmoja zaidi wa kodi. Mzee aliitazama karatasi, akaisifu, akachukua paipu nyingine akaikata kwa macho, mikato miwili ya msumeno na tupa kidogo. Nikaingiza kipima nafasi. Zote mbili zilikuwa chini ya milimita moja. Kwenye mishikizo ya nyuma lakini, inayofika kwa pembe mbili kwa wakati mmoja, aliomba karatasi.

Bodi ilinyanyuliwa na kuwekwa kando juu ya magogo, tangi la mafuta likatolewa, betri ikatolewa. Rezini ya poliesta huwaka vizuri sana, na cheche moja ya grainda inatosha. Tulishika kizimba kwa nukta za kuchomelea bodi ikiwa imefunikwa magunia yaliyoloweshwa, tukahakikisha kila kitu kinaingia, kisha tukatenganisha na kumalizia mishono bila bodi. Hapa ndipo utaona faida ya miguu yenye bamba na bolti. Kama ungekichomelea kizimba moja kwa moja kwenye reli, bodi isingerudi tena.

Mishikizo ya nyuma inapita kwenye bodi. Mashimo mawili, na binamu alienda kunywa chai yalipotobolewa. Yana upana wa sentimita 2 kuzidi paipu, na nafasi imezibwa kwa mpira laini, ili bodi itetemeke peke yake na kizimba kikae peke yake. Visipogusana, faibaglasi haitapasuka na haitajidai kubeba kitu.

Siku ya mwisho mzee aliinua upande mmoja wa gari kwa mnyororo kutoka pembe ya tao kuu hadi magurudumu mawili yakaacha ardhi. Nilipima mishazari kabla na baada, hakuna kilichosogea. Binamu akapiga makofi. Nikamkumbusha kwamba FIA wanapojaribu tao kuu hulikandamiza kwa mara 7.5 ya uzito wa gari likiongezwa kilo 150. Kwetu hiyo ni karibu tani 6. Sisi tulining'iniza tani moja ya tatu hivi. Nimefanya hesabu ya hizo tani 6 kwenye kompyuta na zinapita, lakini hesabu ni hesabu.

Likabaki la mikanda, na hapa ndipo tulipogombana kweli. Kizimba kwa mtu asiyefungwa ni chuma kigumu karibu na fuvu. Kwa hiyo: mikanda ya pointi nne, povu gumu la kuzuia pigo kwenye kila paipu inayofikiwa na kichwa, na helmeti, hata kwenda dukani. Mikanda ya mabega imefungwa kwenye paipu ya ziada inayokatiza tao kuu, kwa sababu ikishuka nyuma kwa zaidi ya nyuzi 45 inakandamiza uti wa mgongo. Binamu alikubali yote. Kisha tukamkalisha binti yake. Mkanda wa kiuno ulipanda tumboni badala ya kushika mifupa ya nyonga, na wa mabega ukakaa karibu na shingo. Nikasema hapandi mchangani mpaka mkanda umkae.

"Nimetengeneza hiki chote kwa ajili yake," binamu akasema.

Nilimwambia najua. Hatukuongea hadi jioni. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeuliza anatakiwa awe mrefu kiasi gani, na baba yake akalazimika kuja kuniuliza mimi. Tulimpima alipokaa: bado sentimita 11 hivi. Desemba yote alikaa ufukweni na saa ya kupimia, akimwandikia baba yake muda wa kila mzunguko.

Kizimba bado hakijapakwa rangi ya mwisho, kina praima ya kijivu, na lile bomba la kromu sasa limekuwa la kuanikia taulo. Wanaotaka skripti ya mdomo wa samaki waniandikie. Chapisha kwa asilimia 100, usikubali printa ikupunguzie ukurasa, na kabla ya kukata pima karatasi kwa rula: kwa paipu ya 40, mstari wa chini lazima uwe milimita 125.7.